Hiyo Si Ofurodi, Hiyo Ni Barabara ya Watu

Nianze moja kwa moja, maana najua watu wa huku hamna subira.

Ile video yako ya "ofurodi Tana River", gari limepakwa matope hadi kwa kioo, droni juu, muziki wa kishindo chini, hukuipiga ofurodi. Uliipiga barabarani. Hiyo njia ina wenyewe. Ndiyo inayobeba maembe kwenda sokoni, ndiyo ya watoto wa shule, na ndiyo mama mwenye uchungu anapitishwa juu ya boda kwenda hospitali ya Ngao. Kwako wewe imekuwa "nje ya barabara" kwa sababu moja tu: haina lami.

Kukosa lami ni kitu kimoja. Kukosa kuwa barabara ni kitu kingine kabisa. Kama huoni tofauti, kaa hapa dakika kumi tuongee.

Kila likizo ya Agosti na kila Desemba sinema ni ile ile. Marafiki wanachanga doo, wanakodi Prado au wanaazima Subaru ya kaka wa mtu, wanatoka Nairobi au Mombasa, wanapita Malindi, wanafika Garsen, halafu wanaanza kutafuta matope. Simaanishi wamekwama kwa bahati mbaya. Wanayatafuta! Wanauliza vijana wa stendi, "Wapi kuna matope mazuri?" Matope mazuri. Hebu muulize mwenye boda swali hilo uone atakavyokuangalia.

Sasa msinielewe vibaya. Sipingi tripu. Sipingi mtu kujifunza kuendesha gari kwa vumbi na mchanga, hata nadhani kila dereva wa Kenya anafaa kujua. Nataka mwende. Likizo zangu nyingi za utotoni zilikuwa kwa shangazi yangu Tarasaa, na huko chini nitawapangia njia bure kabisa. Lakini kwanza tusikizane juu ya hilo neno.

Neno linakula pesa za watu

Mtaniambia, "Tulia, ni neno tu." Sawa. Tufungue Katiba.

Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji. Nusu asilimia ya mapato ya taifa iende kwa maji, barabara, vituo vya afya na stima katika maeneo yaliyoachwa nyuma, hadi yafikie kiwango ambacho sehemu nyingine za nchi zinakiona cha kawaida. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 za kwanza, Tana River ilikuwemo. Lamu ilikuwemo, Garissa ilikuwemo, hata Kilifi. Na Hazina hiyo ilipewa miaka 20. Piga hesabu: 2010 ongeza 20. Inafika mwisho 2030, labda Bunge liamue vingine. Pesa zenyewe zimekuwa zikitoka kwa kuchechemea, miaka inapita watu wanabishana nani azisimamie.

Kwa hivyo kuna saa inahesabu. Na saa hiyo ikihesabu, sisi vijana wenye simu na foloa tumekaa tunaambia nchi nzima kwamba ile barabara mbovu ni raha. Ni kivutio. Ni "adventure". Upungufu wa mtu umegeuzwa kiwanja chako cha michezo, na kiwanja hakihitaji lami. Nani atadai daraja mahali ambapo video laki mbili za watazamaji zinasema kuvuka bila daraja ndiyo utamu wenyewe?

Sisemi video yako ndiyo inazuia lami, usijipe umuhimu huo. Nasema kuna mtu anaamua barabara gani ni ya dharura na ipi inaweza kungoja, na mtu huyo pia ana TikTok.

Mara hamthubutu

Kitu kingine. Ukiingia mbuga inayosimamiwa na KWS, kuacha njia iliyochongwa na kukata nyasini ni marufuku. Mnajua hivyo. Hata mkienda Maasai Mara mnamwambia dereva awe mpole, akifika karibu sana na duma mnamripoti mtandaoni, mnaandika ati anaharibu mazingira. Vizuri sana. Nyasi za pundamilia zinalindwa.

Mkifika Delta ya Tana, ghafla nyasi hazina mwenyewe.

Hiyo delta ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka wa 2012, zaidi ya hekta 160,000. Ndege wanakuja hapo kutoka mabara mengine. Lakini weka ndege kando, tuongee watu. Kando ya mto kuna kitu kinaitwa malka. Ni ujia wa mifugo kufika majini, unaopita katikati ya mashamba ya Wapokomo ili ng'ombe wa Waorma na Wardei wanywe bila kukanyaga mazao. Hauna bango wala rangi. Wazee wa pande zote wanaujua ulipoanzia na unapoishia. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanateremka kutoka mbali, wengine kutoka kaunti za jirani, kufuata nyasi za delta. Shamba liko hapa, ujia uko pale, na amani inakaa juu ya huo mstari usioonekana.

2012 mstari huo ulivunjika. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi mapema 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa Tana Delta na vijiji vikachomwa. Chanzo hakikuwa kimoja. Siasa za kuelekea uchaguzi zilikuwemo, silaha zilikuwemo. Lakini malisho, maji na mashamba yalikuwa kwenye kiini cha ugomvi. Watoto waliokimbia wakati ule wana umri wetu leo. Wako hapa hapa mtandaoni, wengine wananisoma.

Sasa wewe unakuja na gari, unaona uwazi kati ya migomba, unasema "tukate hapa". Umefungua njia mpya shambani mwa mtu. Kesho ng'ombe wanaifuata kwa sababu ng'ombe hawasomi nia yako, wanafuata uwazi. Wewe uko Malindi unakula pizza. Ugomvi uliouacha nyuma hautauona.

Na hili silitoi kichwani. Kuna mwaka magari matano yalipita nyuma ya shamba la shangazi, ati barabara ya kawaida "haina msisimko". Sitayataja. Migomba ililala kama mikeka. Fidia aliyoachiwa ilikuwa stika ya kundi lao. Stika! Aliibandika kwa mlango wa choo.

Matope yana kumbukumbu

Wengi hamjui udongo wa delta, kwa hivyo nieleze. Sehemu kubwa ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinyeshewa unavimba na kuteleza kama sabuni. Ukikauka unapasuka na kuwa mgumu kama tofali.

Umepita wakati wa mvua. Umezungusha magurudumu, umechimba mitaro miwili, mmevutana kwa kamba, mmecheka, mmeposti. Baada ya wiki jua limewaka na ile mitaro imekauka vile vile ulivyoiacha. Itakaa hivyo hadi mvua nyingine. Katikati ya hapo, boda anapita na abiria wawili na gunia, gurudumu linaingia kwenye mtaro wako, linagoma kutoka. Mkokoteni unavunjika ekseli. Gari la wagonjwa linatambaa kilomita tano kwa saa. Sekunde zako thelathini za video ni miezi yao mitatu ya kuumia.

Ndiyo maana madereva wa huko, wale wa Probox zinazobeba watu na mbuzi na jenereta, mvua ikinyesha wanalaza gari. Wanajua kuendesha kuliko mimi na wewe. Hawana haja ya kuonyesha.

Mto hauangalii anga la Garsen

Hapa naomba msome polepole, maana hapa ndipo mtu anakufa.

Mto Tana unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unasafiri kama kilomita 1,000 hadi Bahari ya Hindi. Njiani unapita mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Maana yake ni hii. Mvua inaweza kunyesha Nyeri na Embu, Masinga ikajaa, maji yakamwagika, na siku kadhaa baadaye delta ikafurika chini ya jua kali bila tone moja la mvua Garsen. Wewe umesimama hapo umevaa miwani, anga ni la buluu, unasema "si kumekauka". Maji yako njiani.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Garissa kule Madogo, na ile ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa. Aprili 2024 ikarudi tena. Familia zilihama na vitanda na kuku hadi kwenye miinuko. Tarehe 9 Aprili 2024 basi lenye abiria 51 lilisombwa na maji likielekea nje ya Garissa. Wote waliokolewa, na hiyo ilikuwa bahati. Mwisho wa mwezi huo huo mashua ilipinduka kwenye maji yaliyokuwa yamefunika barabara karibu na Garissa, na hao si wote waliorudi nyumbani. Na msisahau Mto Enziu kule Kitui, tarehe 4 Desemba 2021. Basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wanatazama, wengine wanarekodi. Zaidi ya 30 walikufa. Dereva alidhani atapita.

Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuelea na gari dogo. Sentimita 60 zinachukua karibu gari lolote unaloweza kukodi, pamoja na hiyo Prado. Ongeza kwamba huu ni mto wa mamba na viboko. Kwa hivyo sheria ya anayeanza kuhusu maji ni fupi: huvuki. Hakuna "tupime kidogo". Hakuna "mwenzetu amepita". Unageuza gari, unakunywa soda, unaishi.

Na mkikuta watu wamepiga hema kando ya barabara kwa sababu nyumba zao ziko chini ya maji, zimeni kamera. Ama zisaidieni, ama pite. Mafuriko ya mtu si mandhari yako.

Kundi la pili nalo

Nimewasema wapenda matope, sasa nigeukie wale wengine. Wale wanaosikia "Tana River" wanashika kifua. "Huko si kuna vita? Si kuna njaa? Si kuna Al-Shabaab?" Hawajawahi kuvuka Mto Sabaki lakini wana maoni.

Sitawadanganya kwamba hakujatokea kitu. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa, na baada ya hapo magari ya Lamu yalikuwa yanasafiri kwa msafara na polisi. Bado mtakuta vizuizi na askari, na bado kuna sehemu, hasa kuelekea msitu wa Boni, ambako mtalii wa wikendi hana shughuli. Hiyo ni tahadhari, na tahadhari ina majibu: unauliza polisi Minjila au Garsen kabla ya kuendelea, unatembea mchana, unabeba kitambulisho, unabaki barabara kuu na michepuko inayojulikana. Wakikwambia leo usipite, hupiti.

Lakini kuogopa kaunti nzima ni uvivu. Mnajua wimbo wa taifa, ule mnaosimama wima kuuimba gwarideni? Muziki wake ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mnaimba Tana kila wiki halafu mnaniambia huko hakuna kitu. Hola, ambayo wengi mnaijua kama jina kwenye ramani, ndipo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa kambini, na serikali ya kikoloni ikaanza kwa kusema walikunywa maji mabaya. Kipini, mtoni unapomwagikia baharini, wenyeji wanaonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo, yule shujaa mliyesoma shuleni kwa ajili ya mtihani mkamsahau siku iliyofuata. Na misitu ya kando ya mto karibu na Wenje ina nyani wawili, mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, ambao ukiwakosa hapo umewakosa duniani kote.

Kwa hivyo wapenda matope wanasema huko hakuna barabara, na waoga wanasema huko hakuna usalama. Wote wanakubaliana jambo moja bila kujua: huko hakuna watu. Hapo ndipo nagombana nao wote.

Mpango wa anayeanza

Basi, nilisema nitapanga. Huu hapa, na hauhitaji gari la mamilioni.

Kwanza, msimu. Januari hadi mwanzo wa Machi, au Agosti na Septemba. Masika na vuli muache delta ipumue. Kabla ya kutoka, angalia habari za mvua ya milimani na za mabwawa, si za Malindi peke yake.

Pili, magari mawili, mchana tu. Gari moja likikwama, la pili linavuta. Jaza mafuta Malindi hata kama tanki liko nusu. Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani, koleo, mbao mbili fupi, kamba nzito ya kuvutia, jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea chini, pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, na gurudumu la akiba ambalo umelipima presha wewe mwenyewe. Sio lile ambalo halijaguswa tangu gari linunuliwe.

Siku ya kwanza, Marafa. Kutoka Malindi unavuka Sabaki, unapita Mambrui, unaingia bara hadi korongo la Nyari, lile watalii wanaloliita Hell's Kitchen. Hili ni somo lako la vumbi na changarawe. Jifunze kupunguza mwendo kabla ya kona, kwa sababu kwenye changarawe ukishika breki katikati ya kona gari linaendelea na mipango yake. Acha nafasi kubwa na gari la mbele hadi vumbi litue. Ukimkuta mtu anatembea, nenda polepole. Vumbi lako linaingia kwenye mapafu yake.

Siku ya pili, Malindi hadi Garsen, kama kilomita 110 za barabara kuu. Utapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, meupe hadi macho yanauma, halafu nchi inafunguka na inakuwa tambarare. Tarasaa unachepuka kwenda Ngao. Ni kipande kifupi, na ndipo utajifunza somo ambalo hakuna video inayolifundisha: kupisha. Ng'ombe wakija, simama, zima injini, ngoja. Usipige honi. Mchungaji akikuinulia mkono, umefaulu mtihani. Ukitaka kuona Ziwa Shakababo, tafuta kijana wa hapo akupeleke na mlipane vizuri, kwa sababu yeye anajua kiboko yuko wapi na wewe hujui.

Siku ya tatu una chaguo mbili. Ama unakwenda kaskazini, Wenje hadi Hola, ukaingie msitu wa nyani kwa miguu pamoja na mwenyeji. Ama unashika lami ya Lamu hadi Witu, halafu unateremka Kipini. Kipini ni somo la mchanga. Punguza presha ya magurudumu, kutoka 32 au 35 hadi kama 20, gurudumu litandaze na libebe uzito. Gia ya chini, mwendo wa kutosha, mkono mwepesi kwa usukani, usisimame katikati. Ukianza kuzama, toa mguu! Kuendelea kukanyaga mafuta ni kujichimbia kaburi. Shuka, ondoa mchanga mbele ya magurudumu, weka mbao, toka polepole. Ukirudi lami, jaza upepo tena kabla ya kukimbia. Na ufukweni gari halishuki. Kasa wanataga mayai kwenye fukwe za pwani hii, na kiota hukioni ukiwa kwenye usukani.

Mahali popote usipopaelewa, shuka utembee kwanza. Mguu ukizama, gari litazama. Kuna wanaoona aibu kushuka. Aibu ya kutembea mita hamsini ni ndogo kuliko aibu ya kuvutwa na trekta mbele ya shule nzima.

Na fuata njia ambayo tayari ina alama za magurudumu. Hakuna alama? Hiyo si njia yako.

Kuhusu pesa. Kula Garsen. Lala Garsen. Nunua samaki wa mto, nunua maembe kwa bei anayotaja mama, kunywa chai yenye maziwa ya kweli. Vijana wakikusukuma, walipe kama unavyomlipa fundi Nairobi. Sio kuwarekodi wakisukuma halafu unawaachia chupa tupu za maji.

Na kama huna gari kabisa? Wengi wetu hatuna. Mabasi ya Mombasa kwenda Lamu yanapita upande huo huo. Shuka, chukua boda. Mwendesha boda wa delta ndiye dereva bora wa hizo njia utakayekutana naye, na utajifunza zaidi ukiwa nyuma yake kuliko ukiwa mbele ya Prado ya kukodi.

Najua mtakachoandika kwenye komenti

"Unatuharibia raha." La. Raha iko hapo juu, siku tatu nzima. Nimetoa tu sehemu ambayo raha yako inalipwa na mtu mwingine.

"Wenyeji wanapenda wageni." Kweli kabisa, na ndiyo maana shangazi aliwapa maji ya kunywa wale wa stika. Ukarimu wa mtu si leseni ya kumkanyagia mimea.

"Si serikali ndiyo inafaa kutengeneza barabara, mbona unalaumu vijana?" Serikali nailaumu, soma tena hiyo sehemu ya Katiba. Lakini serikali haisomi posti zangu. Wewe unasoma.

"Kontenti yetu ndiyo inafanya Tana ijulikane." Hii ndiyo hoja yenye uzito, kwa hivyo nitaijibu kwa uzito. Ijulikane kama nini? Ukionyesha watu laki mbili matope bila jina la mahali, bila kusema njia inatoka wapi inaenda wapi, bila mtu hata mmoja anayeitumia, hujaitangaza Tana. Umetangaza gari. Ungeweza kupiga hiyo video kwenye shimo la mawe Athi River na hakuna mtu angejua.

Basi jaribu hivi. Safari ijayo, kwenye kapsheni, futa hilo neno. Andika: "Barabara ya Tarasaa kwenda Ngao. Kuna hospitali mwisho wake." Andika: "Barabara ya Witu kwenda Kipini. Leo tumetumia saa ngapi, mgonjwa angetumia ngapi." Taja kata, taja mwaka, muulize mwendesha boda ni miezi mingapi kwa mwaka haipitiki, na umwache aseme mwenyewe kwa kamera kama anataka. Gari lako litaonekana tu, usijali. Matope yataonekana pia. Ila sasa mtazamaji atajua anaangalia nini.

Miaka imebaki michache kabla ya 2030. Kila video ya huko ni ushahidi wa kitu. Chagua wa nini.

Tukutane Garsen, Agosti. Mimi nitakuwa nyuma ya boda.